Sabuni ya mawese Uvira: bidoni moja ya mafuta inaomba sude kiasi gani?

Kwenye parseli nyingi za mji wa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, sabuni inapikwa nyuma ya nyumba. Vyombo si vingi: pipa moja, mti wa kukorogea, kisanduku cha mbao cha kumwagia, na waya ya kukatia vipande. Mafuta ni mawese, mengi yakitoka pwani ya Fizi, kule Swima, Mboko na Baraka. Soda kostiki, ile ambayo sokoni inaitwa sude, inakuja ndani ya mifuko kutoka mbali na inauzwa kwa kilo ao kwa kopo. Kazi hiyo inalipa minervali ya watoto, inalipa nyumba, na inawapa akina mama wengi feza ambazo hawangezipata kwingine.

Lakini kila anayeifanya anajua siku mbaya. Sabuni imekauka vizuri, inapelekwa sokoni, na baada ya siku tatu wateja wanarudi nayo. Mmoja anaonyesha vidole vilivyochubuka. Mwingine anasema alimwogesha mtoto na ngozi ikawa nyekundu. Ao inatokea kinyume chake: sabuni haigandi, inabaki laini sawa ugali usioiva, inateleza mafuta mkononi na baada ya wiki chache inanuka. Bidoni nzima imepotea, na mara nyingi ile bidoni ilikuwa ya mkopo.

Watu wanasema ni bahati mbaya, ao mafuta yalikuwa ya zamani, ao kuna mtu mwenye jicho baya alipita wakati wa kukoroga. Mafuta mabaya yanaweza kuharibu kweli. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye hesabu, tena hesabu ile ile ambayo wanafunzi wa segondari wanaifanya katika somo la kemia, wanalolizoea kwa jina la shimi, na ambayo wengi wanaisahau mara tu wanapotoka kwenye Examen d'État.

Sabuni inazaliwaje

Mafuta na sude vikikutana na kukorogwa, vyote viwili vinapotea na vitu viwili vipya vinazaliwa: sabuni, na maji mazito matamu yanayoitwa glisirini. Ndiyo maana sabuni iliyotengenezwa vizuri haina tena sude ndani yake. Sude haikujificha, imegeuka.

Molekuli moja ya mafuta ina umbo la mkono wenye vidole vitatu. Kila kidole kinahitaji molekuli moja ya sude ili kikatwe na kuwa sabuni. Kwa hiyo mafuta 1 yanaomba sude 3, na yanatoa glisirini 1 na sabuni 3. Wakemia wanaandika hivi, kwa mafuta ya aina moja iliyomo ndani ya mawese:

C51H98O6 + 3 NaOH → C3H8O3 + 3 C16H31O2Na

Huu ndio mlinganyo uliosawazishwa, ile ekwasyo ya darasani. Ukihesabu atomu za kaboni upande wa kushoto ni 51, upande wa kulia ni 3 na 48, yaani 51. Hidrojeni ni 101 pande zote mbili. Hakuna atomu iliyoongezeka na hakuna iliyopotea. Ile namba 3 iliyo mbele ya NaOH ndiyo inayobeba siri yote ya mpishi wa sabuni, na mwanafunzi anayeiona sawa pambo tu la kufaulu mtihani hajaelezwa vizuri.

Sasa shida ni hii: hakuna mtu anayehesabu molekuli sokoni. Watu wanapima kilo. Hapo ndipo uzito wa atomu unasaidia. Kaboni ina uzito 12, hidrojeni 1, oksijeni 16, sodiamu 23. Kwa hiyo sude, NaOH, inapima 23 + 16 + 1, yaani 40. Sude tatu ni 120. Yale mafuta yanapima 806. Glisirini inapima 92, na sabuni tatu zinapima 834. Jumlisha: 806 na 120 ni 926, 92 na 834 ni 926. Kilichoingia ndani ya pipa ndicho kilichotoka.

Kama gramu 806 za mafuta zinaomba gramu 120 za sude, basi kilo moja ya mafuta (gramu 1000) inaomba 120 gawanya kwa 806, mara 1000. Jibu ni gramu 149.

Lakini mawese si mafuta ya aina moja. Ni mchanganyiko. Ndani yake kuna pia mafuta mengine, mazito kidogo kwa kila molekuli, yanayofanana na yale ya mizeituni. Haya yanapima 884, na 120 gawanya kwa 884 inatoa gramu 136 kwa kilo. Mawese ya kweli yanakaa katikati ya namba hizo mbili, na watengenezaji sabuni wa dunia nzima wanatumia kipimo cha karibu gramu 142 za sude safi kwa kilo moja ya mawese. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani kwa makaa.

Ni ya mawese peke yake. Mafuta yanayotoka ndani ya kokwa ya ngazi, ambayo ng'ambo ya ziwa kule Kigoma wanayaita mise, yanaomba sude zaidi, karibu gramu 175 kwa kilo. Mafuta ya nazi yanaomba zaidi tena. Juu ya hilo, mama akibadilisha mafuta na akaacha kipimo cha sude vilevile, amebadilisha sabuni yake bila kujua.

Bidoni ya litre 20

Tuchukue bidoni ya njano ya litre 20, ile ambayo kila mtu anaijua. Kosa la kwanza linatokea hapa: litre 20 si kilo 20. Mawese ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Litre moja inapima karibu gramu 910. Bidoni iliyojaa ina kilo 18,2 za mafuta.

Kilo 18,2 mara gramu 142 inatoa gramu 2584, yaani karibu kilo 2,6 za sude safi. Hapo mafuta yote na sude yote vinaisha pamoja, hakuna kinachobaki.

Mtu akiweka kilo 3 kwa sababu jirani alimwambia hivyo, inabaki zaidi ya gramu 400 za sude ambazo hazikupata mafuta ya kukutana nayo. Ukiongeza litre 6 za maji za kuyeyushia, pipa lote lina karibu kilo 27. Gramu 400 ndani ya kilo 27 zinaonekana kidogo. Lakini ziko ndani ya kila kipande, na kila mara kipande kinapolowa zinatoka kwenye ngozi ya anayefua. Hao ndio vidole vyekundu vya sokoni.

Akiweka kilo 2 ili kubana matumizi, sude inaisha kwanza. Kilo 2 zinaweza kugeuza kilo 14 za mafuta tu. Kilo 4 na zaidi za mawese, mafuta ya kutosha kupikia nyumba kwa muda mrefu, zinabaki mbichi ndani ya sabuni. Zimelipwa, hazikufanya kazi, na ndizo zinazonuka.

Wavuvi wanaelewa jambo hili bila kemia. Katamarani moja ya kuvua ndakala inahitaji mitumbwi miwili na wavu mmoja. Mwenye mitumbwi sita na nyavu mbili atatuma ziwani katamarani mbili usiku huo, na mitumbwi miwili italala kwenye mchanga. Hata akinunua mtumbwi wa saba, samaki hawaongezeki. Kinachopungua ndicho kinachoamua. Ndani ya pipa la sabuni, mara kinaamua mafuta, mara inaamua sude.

Kwa nini basi watu wenye uzoefu hawaweki kilo 2,6 kamili? Kwa sababu mizani inakosea, na kukosea upande wa sude kunaunguza mtu, wakati kukosea kidogo upande wa mafuta kunaifanya sabuni iwe laini kwa ngozi tu. Wanapunguza sude kwa sehemu 5 kwa mia. Kilo 2,58 inakuwa kilo 2,45. Ukirudi kwenye mlinganyo, sude hiyo itageuza kilo 17,3 za mafuta na kuacha karibu gramu 900 bila kuguswa. Hizo gramu 900 ni bima.

Hesabu hiyohiyo inamwambia mama atapata nini. Kilo 2,45 za sude zinatoa karibu kilo 17,9 za sabuni halisi na kilo 1,9 za glisirini. Pamoja na mafuta ya bima na litre 6 za maji, pipa linafika karibu kilo 26,6. Vipande vya gramu 400 vikikatwa vikiwa vibichi, vitakuwa 66. Mwenye kujua hivyo kabla ya kuwasha moto anaweza kupanga bei yake, na anaweza pia kugundua kama kuna mkono uliopita kwenye kisanduku usiku.

Vipande vitapungua uzito vikikauka, kwa sababu maji yanatoka. Hakuna aliyeiba hapo. Wiki nne kwenye kivuli penye hewa ni muda mzuri, ingawa mwenye deni sokoni ana shida ya kungojea wiki nne.

Sude inayodanganya mizani

Sehemu hii ndiyo inayowashinda hata wanaojua kupima. Sude inapenda maji. Ukiacha mfuko wazi karibu na ziwa, hasa msimu wa mvua, vipande vyake vinatoka jasho, vinashikana na kuwa sawa chumvi iliyolowa. Inakunywa unyevu wa hewa. Mbaya zaidi, inakunywa pia gesi ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua:

2 NaOH + CO2 → Na2CO3 + H2O

Gramu 80 za sude zinameza gramu 44 za gesi na kuwa gramu 106 za kitu kingine, pamoja na gramu 18 za maji. Kile kitu kingine ni kabonati ya sodiamu. Kinasaidia kidogo kufulia lakini hakikati mafuta mabichi yawe sabuni. Angalia sasa mtego: gramu 80 zimekuwa gramu 124. Mfuko umekuwa mzito zaidi na nguvu imepungua. Muuzaji anapima kwa haki, mnunuzi analipa kwa haki, na bado mnunuzi amepata sude kidogo kuliko aliyolipia. Anayeuza kwa kopo kutoka ndoo isiyo na kifuniko anauza mchezo wa bahati, hata kama hana nia mbaya.

Kama sude ina usafi wa 90 kwa mia, zile kilo 2,45 zinagawanywa kwa 0,90 na inakuwa lazima kupima kilo 2,72. Mfuko mpya uliofungwa kiwandani unaandikwa usafi wake juu. Ni vizuri kusoma kabla ya kuumimina. Ukifunguliwa, sude ihamishiwe kwenye bidoni kavu ya plastiki yenye kifuniko kinachobana.

Mafuta nayo yana udanganyifu wake. Mawese ya kukamuliwa kwa mkono yanaweza kuwa na maji na matope chini. Kama litre 2 za bidoni ni uchafu, mafuta ya kweli ni litre 18, yaani kilo 16,4, na sude inayohitajika inashuka hadi kilo 2,33 kabla ya kutoa bima. Ndiyo maana wapishi wazuri wanachemsha mafuta, wanayaacha yatulie na kuyachuja, kisha ndipo wanapima. Wale wanaoyachoma kwa muda mrefu ili rangi nyekundu ipotee wapime baada ya kuchoma.

Kwa anayeanza na sude asiyoijua, njia isiyo na hasara ni jaribio dogo: gramu 500 za mafuta na gramu 67 za sude, ambayo ni kipimo kikiwa kimeshatolewa bima. Mizani ya gramu haikosekani mjini. Wanunuzi wa zaabu wanazo kila siku mezani. Jaribio likikosea, kimepotea kikombe cha mafuta tu. Wazee wengine wanapima kwa kugusa sabuni na ncha ya ulimi: ikichoma sawa umeme, sude imebaki. Watu wameishi na njia hiyo, lakini karatasi ndogo ya kupimia asidi, inayobadilisha rangi, ni salama kuliko ulimi.

Chombo na mwili

Sude inamiminwa ndani ya maji, polepole, huku maji yakikorogwa. Maji hayamiminwi juu ya sude. Mchanganyiko unapata joto kali papo hapo na unaweza kuruka usoni. Miwani, glavu za plastiki na mikono mirefu si mapambo. Ikiruka kwenye ngozi ao jicho, kuosha kwa maji mengi, dakika 15 na zaidi, kisha kituo cha afya. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika, kwa sababu itaunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali haraka. Maji ya sude yanafanana kabisa na maji ya kunywa, na chupa ya plastiki haisemi kilichomo ndani.

Sufuria za alumini, zile nyepesi tunazopikia, hazifai hata mara moja. Sude inazila:

2 Al + 2 NaOH + 2 H2O → 2 NaAlO2 + 3 H2

Ile inayotoka ikichemka ni hidrojeni, gesi inayowaka. Tena kila gramu 54 za alumini zilizoliwa zinachukua gramu 80 za sude, kwa hiyo hesabu yote iliyofanywa asubuhi imeharibika. Plastiki ngumu ao chuma kisicho na alumini vinatosha.

Walioanza hesabu hii

Watu wa kando ya ziwa walijua zamani kutengeneza sabuni laini kwa majivu ya maganda ya ndizi, ambayo yana potasi, ndugu wa sude. Hawakuwa na mlinganyo, walikuwa na mkono uliozoea. Huko Ulaya pia ilikuwa hivyo hadi mwisho wa karne ya 18. Antoine Lavoisier alichapisha mwaka 1789 kitabu cha kemia kilichosisitiza kwamba uzito haupotei wakati vitu vinageuka. Mjerumani Jeremias Richter alianza mwaka 1792 kuandika juu ya kipimo cha vitu vinavyoungana, na ndiye aliyeipa hesabu hii jina la stekiometria. Kisha Mfaransa Michel Eugène Chevreul alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1823, mafuta yameundwa na nini na kwa nini yanatoa glisirini.

Hesabu hiyo ilifika Kongo na uso mwingine. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi, na mji wa kampuni yake kwenye eneo la Kwilu ukaitwa Leverville, leo Lusanga. Mawese ya Kongo yalivuka bahari kwenda kuwa sabuni, na Wakongo waliochuma ngazi hawakufundishwa mlinganyo.

Uvira inahitaji sabuni kuliko miji mingi. Kolera haijawahi kuhama hapa, na watafiti waliofuata wagonjwa wa mji huu kati ya 2009 na 2014 walionyesha kwamba siku za kukosa maji ya bomba zinafuatwa na ongezeko la wanaoingia kituo cha matibabu. Pale kwenye kituo, hesabu ni ya aina ileile. Unga wa klorini wa HTH wenye nguvu ya 65 hadi 70 kwa mia unapimwa gramu 7,5 kwa litre moja ya maji ili kupata maji ya 0,5 kwa mia ya kusafishia sakafu na vyombo, na mara kumi pungufu, gramu 0,75, kwa maji ya 0,05 ya kunawa mikono. Unga huo nao ukiachwa wazi unapoteza nguvu, na ndoo haibadiliki sura.

Mashule mengi ya pwani hayana maabara, na mwalimu anachora mlinganyo ubaoni akitumia vitu ambavyo wanafunzi hawajawahi kuviona. Wakati huo huo, darasani kuna mtoto ambaye mama yake amekaa nyumbani mbele ya pipa, mkononi kopo la sude, akijiuliza kama atie moja tena. Mtoto huyo akirudi jioni anahitaji kumuuliza mama yake maswali matatu tu: mafuta ni kilo ngapi baada ya kuchujwa, sude imefunguliwa lini, na kopo lile linapima gramu ngapi.